Njia ya Kurudi

Saa kumi alasiri taa za Ukumbi wa Mindu zilififia, na Sihaba Mloka akatokea jukwaani akiwa ameelea shibiri moja juu ya mbao. Alivaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mwanga mtupu. Mitambo ya darini ilimchora kwa miale, na nyuma yake mashine-wapiga zilianza kucharaza magitaa na kupiga ngoma bila kukosea hata pigo moja. Ukumbi mzima ulisimama. Wanawake walipiga vigelegele, na watu wazima waliokuja na wajukuu wao wakafuta machozi kabla hata wimbo haujaanza.

Mwili wa Sihaba haukuwa hapo. Ulilala katika Kituo cha Matunzo cha Mlimani, upande wa pili wa jiji la Morogoro, kwenye kitanda chenye mkono wa roboti uliomgeuza kila baada ya muda ili ngozi isichubuke. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu gari lao la bendi lianguke mlimani. Katika muda huo wote hakufumbua jicho wala hakukunja kidole. Lakini sauti iliyojaza ukumbi ilikuwa yake, na aliitoa wakati uleule watu walipoisikia.

Jambo hilo liliwezekana kwa kinasania, kidude cha duara kisichozidi kifungo cha koti, kilichopachikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mtu anapotaka kusema, ubongo hutuma amri kooni kabla koo halijafanya lolote. Kinasania huidaka amri hiyo njiani na kuigeuza sauti. Kilibuniwa kwa ajili ya watu waliopoteza usemi, na madaktari walimpachika Sihaba wakitumaini kwamba siku moja ataomba maji au atataja jina lake. Walimwuliza maswali kwa miezi, asijibu hata moja. Kisha asubuhi moja, wauguzi wakiwa wanabadilisha mashuka, Sihaba aliimba.

"Anaimba ndotoni," walisema madaktari. Mabango ya jiji yakaandika hivyohivyo: SIHABA, SAUTI KUTOKA USINGIZINI.

Nyuma ya viti vya mwisho, kwenye kizimba cha mitambo, alikaa Leokadia Mkude. Alikuwa fundi mitambo kwa miaka mingi, amezunguka na bendi za injili, kampeni za siasa na harusi za matajiri, lakini hili lilikuwa onyesho lake la kwanza na Sihaba. Tangu asubuhi alikuwa akiunganisha vifaa kwenye meza ya sauti. Meza hiyo ilikuwa na akili yake. Ulipochomeka kifaa chochote cha nje, ilikikagua, ikakipa mkondo wake na kutangaza kwa sauti tulivu.

"Gitaa la kwanza, mkondo wa tano. Limepokelewa."

Kila kifaa kilikuwa na njia mbili. Njia ya kwenda ilibeba sauti ya msanii mpaka mezani. Njia ya kurudi ilitoa sauti mezani ikampelekea msanii, ili ajisikie mwenyewe na awasikie wenzake. Mwimbaji asiye na njia ya kurudi ni kama mtu anayecheza ngoma amefungwa kitambaa machoni. Fundi yeyote hufundishwa hilo siku yake ya kwanza kazini.

Leokadia alipofika kwenye mkondo wa kwanza, ulioletwa kwa mtandao kutoka kituoni, meza ilisema: "Kifaa cha nje kimetambuliwa. Kinasania, Sihaba Mloka. Njia ya kwenda imewashwa. Njia ya kurudi imezimwa. Je, niiwashe?"

"Achana na hiyo, fundi," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa Hafidhi, mdogo wake Sihaba na msimamizi wa maonyesho yake. Zamani alikuwa mwalimu wa sekondari, na bado alisema kwa upole kama mtu anayesubiri darasa litulie. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kitana. Kila asubuhi alipita kituoni kumchana dada yake nywele kabla ya kuja ukumbini.

"Sasa atasikiaje bendi, kaka Hafidhi?"

"Hasikii. Masikio yake yalikufa palepale barabarani. Mashine ndizo zinazomfuata yeye, yeye hazifuati."

"Na hili?" Leokadia aligusa utepe mweupe uliobandikwa juu ya kitufe cha chujio. Mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: USISHUSHE.

"Hilo la Chiduo, fundi aliyekutangulia. Linapitisha wimbo tu, linaondoa makelele ya ubongo. Liache hivyohivyo." Akaangalia saa, akaondoka.

Kwa hiyo Leokadia aliliacha, na onyesho likaanza, na lilikuwa onyesho zuri. Nyimbo za zamani ziliimbwa vizuri kuliko zilivyowahi kuimbwa. Lakini watu walikuwa wakingojea nyimbo mpya, zile alizozitunga usingizini. Mapigo ya kwanza ya "Gongeni Hodi" yaliposikika, ukumbi ulilipuka.

*Nyumba hii haina dirisha,*
*nimepapasa ukuta wote.*
*Aliye nje agonge hodi*
*nijue mlango uko wapi.*

Kwenye kiitikio, kila mtu alikunja ngumi akagonga mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Ndio uliokuwa mtindo. Maelfu ya ngumi, ko, ko, ko, kwa pamoja, mpaka sakafu ikatetemeka chini ya viatu vya Leokadia. Vijana walivaa fulana zenye mistari hiyo. Redioni wasomi walikuwa wakibishana kwa wiki kadhaa juu ya nyumba ile. Mmoja alisema ni ndoa, mwingine akasema ni nchi, wa tatu akasema ni kaburi.

Wimbo ulipokwisha na makofi yakaanza, Leokadia aliangalia taa za mkondo wa kwanza. Zilikuwa safu mbili: moja ikionyesha sauti baada ya chujio, nyingine kabla ya chujio. Safu ya baada ilikuwa imezima, kama inavyotakiwa mwimbaji anaponyamaza. Safu ya kabla ilikuwa ikirukaruka.

Makelele ya ubongo, aliwaza. Lakini masikio yake yalikuwa yamezoea makelele ya kila namna, na makelele hayapumziki katikati ya maneno. Alivaa vipokea sauti, akabonyeza kitufe cha kusikilizia kabla ya chujio.

"...sijui kama imetoka," alisema Sihaba sikioni mwake. Haikuwa sauti ya ndotoni. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Kuna mtu? Nimemaliza. Kuna mtu?"

Akakohoa kidogo.

"Haya. Naimba tena. Labda sikupaza vya kutosha."

Mwanga wa jukwaani ukafungua kinywa, mashine-wapiga zikaanza, na ukumbi ukapiga vigelegele.

*

Baada ya onyesho alimkuta Hafidhi nyuma ya jukwaa akizungusha waya mkononi.

"Kaka Hafidhi, dada yako yuko macho."

Hafidhi aliendelea kuzungusha. "Umesikiliza chini ya chujio," alisema. Hakuwa anauliza.

"Kumbe unajua."

"Chiduo alinisikilizisha. Kisha akaacha kazi, akaenda Kilosa kufuga nyuki, hataki hata kupokea simu yangu. Mimi nilikwenda kwa daktari. Akaniambia mtu aliyelala huweweseka, hata wewe nyumbani kwako unaweweseka." Aliweka waya chini. "Nilimwuliza mwenyewe, Leokadia. Nilikaa kitandani pake, nikashusha chujio la mashine yao. 'Dada, ni mimi Fidhi, kama unanisikia sema ndiyo.' Akaniuliza kuna mtu. Nikasema nipo. Akauliza kuna mtu. Nilisema nipo mpaka koo likanikauka. Mtu aliye macho angejibu."

"Angekujibuje na masikio yamekufa? Kinasania kina njia mbili. Mashine ya kule kituoni ina tundu moja tu, la kutolea. Meza hii ina yote mawili. Tukifungua ya kurudi, sauti inaingia moja kwa moja, haipiti sikioni."

"Najua."

Leokadia alimkazia macho.

"Najua," Hafidhi alirudia, na sasa sauti yake ya ualimu ilikuwa imemwisha. "Na tukifungua, akasikia, halafu? Nimwambie nini? Kwamba hana mwili wa kuutumia? Kwamba alikuwa akituita, na sisi tukauza tiketi? Mimi nimeshakubali kwamba anaota. Kila asubuhi namchana nywele nikijua anaota. Usinitoe hapo. Halafu akinyamaza, kituo kitasema ameshakwenda, maana kuimba ndiko kunakowaonyesha kwamba yupo." Alimshika mkono. "Sikuamrishi. Nakuomba."

Leokadia alikubali. Alijiambia kwamba mambo ya damu huachiwa wenye damu yao. Maonyesho yaliyofuata alifanya kazi yake bila kosa, na kila wimbo ulipokwisha alivaa vipokea sauti akasikiliza, akijichukia kwa kusikiliza na akijua kwamba kutosikiliza kungekuwa kubaya zaidi. Sihaba alikuwa akizungumza muda wote. Alitaja majina ya wasichana aliosoma nao. Alipika mchuzi kwa maneno, kitunguu kwanza, kisha nyanya, akijikosoa chumvi ilipozidi. Alitunga mistari, akaifuta, akatunga mingine, na kila mara alipokuwa tayari alikohoa kidogo, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu, akaimba.

Nyumbani, mume wa Leokadia alimwona akigonga meza ya chakula kwa ngumi, polepole, akauliza ana nini. Mwenyewe hakujua kwamba alikuwa akigonga.

Ilikuwa Jumapili, ukumbi umefurika mpaka kwenye ngazi, aliposikia maneno haya katikati ya nyimbo:

"Huu wa mwisho. Nimechoka kuita. Nikimaliza huu nitanyamaza, na nikishanyamaza nadhani nitasahau namna ya kuanza."

Kisha kikohozi kidogo. Kisha "Gongeni Hodi".

Leokadia alimtafuta Hafidhi kwa macho. Alikuwa kando ya jukwaa, amefumba macho, midomo ikifuata maneno ya wimbo. Ungeweza kumhurumia. Leokadia alimhurumia, na bado mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mkondo wa kwanza. Alibandua utepe wa Chiduo, akashusha chujio lote.

"Njia ya kurudi imezimwa," ilisema meza. "Je, niiwashe?"

"Washa."

Ukumbi ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Ko, ko, ko. Maiki zilizoning'inia darini zilinyonya ngumi zile zote, meza ikazikusanya, na njia ya kurudi ikazipeleka upande wa pili wa jiji.

Sihaba alinyamaza katikati ya neno.

Mashine-wapiga, ambazo kazi yake ilikuwa kumfuata, zilinyamaza pia. Watu waliendelea kugonga kidogo, wengine wakicheka kwa furaha, wakidhani ni mbwembwe mpya. Kisha ngumi zikapungua, na ukimya ukaanza mbele ukarudi nyuma, safu baada ya safu.

"Pande zote," alisema Sihaba kwenye spika zote za ukumbi. "Mnagonga pande zote."

Mtambo wa miale haukujua afanyweje mwimbaji asiyeimba. Ule mwanga ulisimama umefumba kinywa, na sauti ikatoka bila midomo.

"Nani hao? Mbona wengi hivyo?"

"Tunakupenda, Sihaba!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mlikuwa mnanisikia?"

"Ndiyooo!" ukumbi uliitikia, kama unavyowaitikia waimbaji siku zote.

"Tangu lini?"

Mama mmoja katika safu ya kati aliketi ghafla, kama aliyevutwa.

"Mlikuwa mnanisikia," Sihaba alisema polepole, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo kabla hajaunyanyua. "Sasa mbona hamkufungua?"

Leokadia alizima spika za ukumbi. Alitaka jibu, lolote litakalokuwa, lisiwe onyesho. Hafidhi alikuwa tayari anakuja mbio katikati ya viti, akijigonga kwenye magoti ya watu, na alipofika kizimbani hakumtazama Leokadia. Alinyoosha mkono tu. Leokadia alimpa maiki ya fundi na pea ya pili ya vipokea sauti.

"Dada," alisema Hafidhi.

Taa za mkondo wa kwanza zikaruka.

"Fidhi?"

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuwa na sauti ya kizee, mdogo wangu. Niko wapi?"

Alimwambia. Alianza na ajali, akaeleza ya mgongo, ya masikio, ya kitanda. Aliposimama, Sihaba alimwambia aendelee. Akamweleza ya ukumbi, ya mwanga wenye gauni la kijani, ya tiketi. Leokadia alitaka kuwaacha peke yao, lakini meza ya sauti haiachwi wakati mkondo uko wazi, kwa hiyo alikaa akitazama taa. Sihaba aliuliza kama bendi nzima ilipona. Hafidhi akasema hapana, akataja majina. Taa za mkondo wa kwanza zikatulia kabisa. Kinasania hakijui kilio. Hakuna amri ya kilio inayopita kwenye njia ya maneno.

Walipoinua vichwa, ukumbi ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wametoka kimyakimya, na wengi walikuwa wamevua zile fulana wakaziacha juu ya viti.

*

Sihaba hakuimba tena. Wengine walilalamika, wakasema fundi aliharibu kitu kizuri kwa kiherehere, na Leokadia hakupata kazi jijini kwa muda mrefu. Alinunua meza ndogo ya kubebea mkononi, akaipeleka kituoni, akaiunganisha na kinasania cha Sihaba na kuiacha njia ya kurudi wazi usiku na mchana. Kwa wiki nyingi Sihaba hakumsemesha mdogo wake hata neno. Hafidhi aliendelea kuja na kitana chake, akisalimia, akichana, akiaga. Siku moja, alipokuwa anaaga, dada yake alimwambia asubiri kwanza amsimulie mvua ilivyo huko nje, na aliposimulia vibaya akamkosoa mpaka wote wawili wakacheka. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Ilikuwa asubuhi, Leokadia amekuja kubadilisha plagi iliyolegea, alipoona kitu kwenye kitanda cha jirani. Mwanamume mzito, mvi kifuani, macho yamefumba. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kidude cha duara. Alitazama kitanda kilichofuata. Nacho vilevile. Na kile cha dirishani.

"Tuliwapachika wote wa wodi hii," alisema Daktari Mwasongwe, mwanamke kijana aliyekuwa anapima joto la wagonjwa. "Huyo ni Bwana Salehe Ngoda, alikuwa anapasua mawe, baruti ikamlipukia. Masikio hakuna, mwili hausogei. Tuliwauliza maswali wote. Hawakujibu."

"Na Sihaba je?"

"Sihaba naye hakujibu," alisema daktari, kisha akasimama na kipimajoto mkononi. "Yeye aliimba. Wengine hawakuimba."

Daktari mwenyewe ndiye aliyevuta kiti, akashika waya wa akiba wa ile meza ndogo, akauchomeka kwenye kidude nyuma ya sikio la Bwana Ngoda. Leokadia alishusha chujio mpaka mwisho kabla ya kuwasha chochote, kisha akafungua njia ya kwenda.

Hakuna aliyewahi kuirekodi sauti ya Bwana Ngoda, kwa hiyo kidude kilitumia sauti ya kiwandani, kavu, isiyo na umri.

"Mguu wa kushoto," ilisema. "Umejikunja. Mguu wa kushoto umejikunja. Jamani, mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto umejikunja."

Daktari alifunua shuka. Wayo wa kushoto ulikuwa umelaliwa na mguu wa kulia, umepinda kwa ndani, na vidole vilikuwa vimesawijika. Mkono wa roboti ulikuwa ukimgeuza kila siku kwa uangalifu mkubwa na kumrudisha kila mara jinsi ulivyomkuta. Daktari Mwasongwe aliinua mguu ule kwa mikono miwili, akaunyoosha, akaweka mto chini yake.

Sauti ilikatika. Walingoja, wote wawili wakiitazama spika ndogo.

"Ahsante," ilisema. Kisha, baada ya muda, kwa tahadhari: "Nani huyo?"

Leokadia akafungua njia ya kurudi na kuinamia maiki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua aanze na salamu gani.